Sanduku la baba mwanajeshi: kipi kinabaki nyumbani, kipi kinarudi jeshini

Swali: "Baba yetu alikuwa askari wa JWTZ, alipigana Vita vya Kagera, akastaafu miaka ya 90. Amefariki mwaka huu. Kwenye sanduku lake la bati tumekuta kombati mbili, bereti, sweta la sufu, kofia ya chuma, mkanda wa turubai wenye bizimu ya shaba, singe ya bunduki, dira yenye namba zilizopakwa rangi ya kung'aa gizani, medali tatu na kopo la tumbaku lenye risasi nne. Sebuleni kuna ganda la mzinga ambalo mama anawekea maua tangu tukiwa wadogo. Kaka mkubwa anasema vyote ni mali ya serikali, tuvichome usiku yaishe. Mdogo wetu anataka kuvaa koti la kombati siku ya arobaini. Mwingine ameshaulizia bei ya medali. Mama anasema hakitoki kitu. Je, tunaruhusiwa kubaki na nini, tukitunze vipi, na tukienda kuuliza hatutajiletea kesi?"

Dada, pokea pole kwa msiba. Pole pia kwa mvutano wa nyumbani, maana sanduku la namna hii huwagombanisha hata ndugu waliokuwa wakila sahani moja. Mnabishana kana kwamba swali ni moja, wakati ndani ya hilo sanduku kuna maswali manne tofauti: vitu vinavyoweza kuua, vitu vya jeshi vilivyoandikwa kwenye leja, vitu vilivyochakaa mikononi mwa baba, na vitu alivyotunukiwa yeye mwenyewe. Kila fungu lina njia yake. Kaka mkubwa ana haki kwa fungu moja, mama ana haki kwa fungu jingine, na wazo la kuchoma ni baya kwa yote, kwa sababu risasi zikiingia motoni zinalipuka.

Kwa hiyo tuanze na kopo la tumbaku. Hilo halingoji arobaini.

Watu wengi huamini risasi ya zamani "imekufa". Haijafa. Risasi iliyokaa pakavu hufyatuka hata baada ya miongo mingi. Kitako chake kina fataki, kipande kidogo chenye kemikali inayowaka kwa kugongwa. Juu ya fataki kuna baruti, na juu ya baruti kuna kichwa. Baruti ya kisasa hutengenezwa kwa selulosi iliyotiwa asidi ya nitriki, nayo huoza polepole. Kiwandani huchanganywa na dawa ya kuzuia uozo huo, lakini dawa hiyo huisha, na joto huiharakisha kuisha. Sanduku la bati chini ya paa la bati ni tanuri la mchana. Baruti inayooza hutoa mvuke wenye asidi unaokula shaba kutokea ndani, ndiyo maana risasi za zamani huota ukungu wa kijani na nyufa shingoni. Kwa hiyo uzee hauifanyi risasi kuwa salama, unaifanya isitabirike.

Msizitikise, msizifungue kwa koleo "kutoa baruti", msizitoboe ziwe kipini cha funguo, msizitupe chooni wala kisimani. Vilevile msizitie mfukoni na kupanda nazo daladala kuelekea kituoni. Liacheni kopo lilipo, fungeni chumba, watoto wasiingie. Kisha mtu mzima mmoja aende kituo cha polisi mikono mitupu, au kwanza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa amsindikize, aeleze kwamba katika vitu vya marehemu mwanajeshi zimepatikana risasi nne na familia inataka kuzisalimisha. Polisi wataelekeza zichukuliwe vipi. Mkikuta chochote kikubwa kuliko risasi, kama bomu la kutupa kwa mkono, kombora lenye kichwa, au chuma kizito msichokijua, tokeni nje wote na mpige 112.

Nasisitiza kwa sababu mkoa wa Kagera wenyewe unajua gharama yake. Novemba 2017, katika shule ya msingi Kihinga wilayani Ngara, bomu la kutupa kwa mkono alilookota mtoto akidhani ni chuma chakavu lililipuka shuleni, wanafunzi 5 wakafa na makumi wakajeruhiwa. Mtoto yule hakuwa mtundu kuliko wenzake. Aliona chuma, na chuma kina bei.

Sasa hofu yenu ya kesi. Ni kweli kwamba sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi inamkataza mtu kuwa na risasi bila leseni, hata kama hana bunduki, na adhabu yake si ndogo. Lakini anayekwenda mwenyewe kueleza na anayekutwa nazo kwenye msako hawasimami mahali pamoja. Serikali hutangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa, kama kile cha Septemba na Oktoba 2022. Msikae mkisubiri tangazo lingine. Kama bado mna wasiwasi, mchukueni wakili au mwenyekiti wa mtaa aende nanyi, mbebe cheti cha kifo na karatasi yoyote inayoonyesha kwamba marehemu alikuwa askari, na mwombe maelezo yenu yaandikwe na mpewe hati ya makabidhiano. Hati hiyo muiweke kwenye faili la mirathi.

Ganda la mzinga la mama nalo lina hatari yake iliyojificha. Kwa kawaida ganda la namna hiyo ni shaba tupu iliyokwishatumika, na duniani kote askari wamerudi nayo nyumbani wakaifanya chombo cha maua au kengele. Ila kuna jambo ambalo hata wenye nyumba hawalitazami: kitako. Likiwa lilipo, bila kuligonga, angalieni mambo matatu. Kwanza, mdomo wake uko wazi na unaona hadi chini, hakuna kichwa juu wala unga, vijiti au vipande vya baruti ndani. Pili, katikati ya kitako pana duara dogo, yaani fataki. Kama ina kishimo kilichobonyea, ilikwishagongwa. Kama pana tundu tupu, fataki ilitolewa. Tatu, kama duara hilo ni zima, laini, halina alama, basi mnalo ganda tupu lenye fataki hai, nalo likipigwa nyundo au likiwekwa karibu na moto linaweza kumjeruhi mtu vibaya. Hapo ni polisi, kama kwa risasi. Likiwa tupu na fataki ina kishimo au imetolewa, hatari ya mlipuko ni ndogo sana, linabaki swali la umiliki, na hilo lina njia yake hapa chini.

Dira inahitaji aya yake. Rangi iliyong'aa gizani kwenye dira na saa za kijeshi za zamani mara nyingi ilichanganywa na radiamu, na baadaye tritiamu, ambazo zote hutoa mionzi. Tofauti yake ni kubwa. Nguvu ya tritiamu hupungua nusu kila miaka 12 na kidogo, hivyo ya mwaka 1979 karibu imekwisha. Ya radiamu hupungua nusu kwa miaka 1,600. Msidanganywe na kutong'aa: kinachochoka ni rangi, mionzi inaendelea. Ikiwa kioo ni kizima, dira hiyo haimdhuru anayepita chumbani. Hatari ni unga wa rangi kupumuliwa au kumezwa. Kwa hiyo msifungue kioo, msikwangue, msimpe mtoto achezee. Itieni kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu, iwekeni mbali na vitanda, mnawe mikono, na muulize Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, ambao wana ofisi Arusha, waipime. Kipimo ni cha dakika chache. Kama kwenye sanduku la mtu mwingine kuna barakoa ya gesi ya zamani, kanuni ni ileile ya kutochezea: vichujio vya baadhi ya barakoa hizo vina asbesto, nyuzi zinazodhuru mapafu, na pumzi moja ya utani mbele ya kamera haina faida.

Tukiisha kuondoa vya hatari, tuje kwenye neno la kaka mkubwa, "mali ya serikali."

Jeshi lolote lina namna mbili za kumpa askari kitu. Kuna vitu vya leja: vina namba, askari anavitilia saini, na siku ya kuondoka anavirudisha au anakatwa. Bunduki ndiyo ya kwanza, na singe huandikwa pamoja nayo. Kofia ya chuma, hema na dira mara nyingi huwa humo. Halafu kuna vitu vya kuchakaa: soksi, fulana, buti, sare iliyovaliwa hadi kupauka. Hivi hutolewa kwa kutumika na havidaiwi kama vile vya kwanza. Tatizo ni kwamba vita havifuati leja. Askari aliyevuka Kyaka, akafika Kampala Aprili 1979 na kurudi nyumbani baadaye, huenda alibadilisha vifaa mara kadhaa, vingine vilipotea, vingine aliambiwa na mkubwa wake kwa mdomo "hii kaa nayo." Zaidi ya miaka 40 baadaye hakuna karatasi. Hiyo haimaanishi baba aliiba. Inamaanisha familia haina ushahidi, na ushahidi ndio mnaohitaji kuupata sasa.

Mbona majeshi hayawaachii tu wastaafu vitu vyao? Sababu kubwa si ubahili. Sare inayotembea mtaani mikononi mwa asiye askari ni chombo cha ujambazi: anayeipata anaweza kusimamisha gari usiku, na raia atatii. Kwa hiyo Kanuni ya Adhabu inakataza raia kuvaa sare ya majeshi au vazi linalofanana nayo bila ruhusa, na Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku 7 kwa raia wenye mavazi kama hayo kuyasalimisha. Mwaka huo walioguswa zaidi walikuwa wauzaji na wavaaji wa mitumba ya mabaka.

Yapo mataifa yaliyopata njia ya katikati. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Bunge la Marekani lilipitisha sheria Februari 1919 kuwaruhusu walioachishwa jeshi kubaki na sare waliyorudi nayo, na waliopigana ng'ambo wakaenda nyumbani na kofia zao za chuma na barakoa za gesi. Ili asichanganywe na askari aliye kazini, aliyeachishwa alishona alama nyekundu ya pembe kwenye mkono wa kushoto. Alama ndogo, tatizo kubwa limekwisha. Uswisi inakwenda mbali zaidi: anayemaliza utumishi anaweza kuomba abaki na bunduki yake, ila kwanza hupata kibali cha kumiliki silaha, na bunduki hubadilishwa isiweze kufyatua mfululizo. Kinachofanana kwa wote ni karatasi. Mstaafu anaondoka na kitu pamoja na maandishi yanayosema ni chake. Naamini na sisi tunastahili hilo: mzee akivua sare siku ya mwisho, apewe bereti yake, beji yake na orodha yenye mhuri. Ingegharimu ukurasa mmoja, na ingewaokoa maelfu ya watoto wasibabaike juu ya sanduku kama nyinyi leo.

Kwa kuwa baba hakuachiwa ukurasa huo, uombeni. Katika kila wilaya kuna ofisi ya Mshauri wa Mgambo, naye ni ofisa wa JWTZ. Huyo ndiye mlango rahisi kwa raia kuliko kwenda kusimama kwenye lango la kambi. Andikeni barua ya ukurasa mmoja: jina kamili la marehemu, namba yake ya jeshi, cheo, kikosi cha mwisho, mwaka wa kuandikishwa na wa kustaafu, tarehe ya kifo, jina la msimamizi wa mirathi. Ambatanisheni picha za kila kitu na orodha yenye namba. Kisha ombeni mambo mawili wazi: jeshi liseme kwa maandishi vipi familia inaweza kubaki navyo kama kumbukumbu, na vile vinavyotakiwa kurudi vipokelewe kwa hati ya makabidhiano. Msivibebe siku ya kwanza, pelekeni picha tu. Namba ya jeshi mtaipata kwenye kitambulisho chake, kitabu cha pensheni au hati ya kuachishwa utumishi, na hizo karatasi tatu ni za thamani kuliko kofia ya chuma. Chama cha wanajeshi wastaafu, MUWAWATA, kina wazee wanaoijua njia hii na wengine huenda walimjua baba. Mmoja wao akisindikiza barua, mlango hufunguka upesi.

Nitabiri kidogo bila kuwaahidi. Singe ina uwezekano mkubwa wa kutakiwa irudi, kwa kuwa ni sehemu ya silaha. Kofia ya chuma inaweza kwenda upande wowote. Bereti, sweta, mkanda uliochakaa na ganda tupu ndivyo ambavyo ombi lenu lina nguvu zaidi, hasa mkieleza kwamba vitakaa ndani na havitavaliwa. Kombati ndiyo ngumu. Mkiambiwa irudi, ombeni mbaki na beji, kitambaa cha jina na picha nzuri ya sare yote mbele na nyuma.

Medali ni habari nyingine kabisa. Medali haiazimwi, hutunukiwa mtu. Ni za baba, na sasa zinaingia kwenye mirathi kama saa yake au baiskeli yake. Yule ndugu anayeulizia bei hana haki ya kuziuza peke yake, na msimamizi wa mirathi anapaswa kuziandika kwenye orodha ya mali. Kama dhiki ya fedha ni ya kweli, zungumzeni kama familia, lakini jueni kwamba medali ikitengana na karatasi na picha za mwenyewe hugeuka kipande cha chuma, na wanunuzi hulipa hivyohivyo. Kwa wasomaji ambao babu zao walikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la mkoloni Mwingereza Afrika Mashariki): zile nyota za Vita ya Pili, kama Nyota ya Afrika na Nyota ya Burma, Uingereza ilizitoa bila kuchora jina, kwa hiyo bila hati ya kuachishwa hakuna anayeweza kuthibitisha ni za nani. Medali za Vita ya Kwanza huwa na namba na jina kwenye ukingo, zitazameni pembeni kwa kioo cha kukuzia.

Kuhusu arobaini: mdogo wenu asivae koti. Hata kwa mapenzi, hata ndani ya uzio wa nyumba, picha moja kwenye simu inatosha kuleta maswali. Medali anaweza kuzivaa juu ya suti au kanzu. Desturi ya nchi nyingi za Jumuiya ya Madola ni kwamba mwenye medali huziweka kifua cha kushoto, na mtoto au mjane anayemkumbuka huziweka kulia, watu wajue si zake. Koti lenyewe, kama bado liko kwenu kwa siku hiyo, likunjwe vizuri mezani kando ya picha ya baba, bereti juu yake. Lina heshima zaidi pale kuliko mgongoni mwa kijana.

Sasa utunzaji. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu vitu vingi vya wazee wetu havikuharibiwa na sheria, viliharibiwa na usafi.

Kabla ya kufuta vumbi, piga picha. Kila kitu mbele, nyuma, ndani, na kila alama. Kagua mifuko yote ya kombati, maana humo hutoka barua, tiketi, majina yaliyoandikwa kwa peni. Funga kila kitu lebo ya karatasi kwa uzi wa pamba, andika namba kwa penseli, si kalamu, kwa kuwa wino husambaa unyevu ukiingia. Kwenye daftari, kwa kila namba, andika kitu ni nini, baba alisema nini juu yake, nani alisikia, lini. Kaa na mama akiwa na nafasi, umrekodi kwa simu. Muulize hilo ganda lilikujaje, doa la kwenye koti ni la nini. Kazi hii ifanyike kwanza kwa sababu mama ndiye kumbukumbu pekee isiyoweza kununuliwa tena.

Bereti na sweta ni sufu, na sufu ni chakula cha viwavi vya nondo. Mkiona vitobo vidogo na vumbi kama mchanga mwepesi, wamo. Njia bora haina dawa: tia nguo kwenye mfuko wa plastiki, kamua hewa, funga barabara, weka kwenye friza ya nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri kwa siku 14. Umeme ukikatika muda mrefu mkaona barafu inayeyuka, anza kuhesabu upya, maana yai la nondo linavumilia baridi ya nusunusu. Ukitoa, usifungue mfuko kwa saa 24. Ukifungua nguo ikiwa baridi, mvuke wa chumbani hugeuka maji juu yake na baada ya wiki utaona ukungu.

Vile vidonge vyeupe vya nafthalini tunavyovitupia kabatini, viacheni. Mvuke wake huilainisha na kuiharibu baadhi ya plastiki, zikiwemo baadhi ya vifungo, na una hatari kubwa kwa watoto wachanga wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Upungufu huo ni wa kawaida katika nchi za malaria kama zetu, na mtoto mwenye nao akivishwa au kufunikwa nguo zilizolala na nafthalini damu yake inaweza kuvunjikavunjika, akawa manjano, akahitaji hospitali haraka. Karafuu na majani ya mwarobaini hayana hatari hiyo, ila mafuta yake hutia madoa. Yakitumika, yakae kwenye kifuko cha kitambaa kisichogusa nguo.

Kufua au kutofua? Jasho na uchafu huvuta wadudu na hula nyuzi taratibu, kwa hiyo nguo chafu haidumu. Lakini tope la Kagera likishaoshwa halirudi. Ushauri wangu: kama mama au mwenzake wa kikosi anajua doa linahusu nini, msifue hiyo, mfue ile nyingine. Kabla ya kufua, lowesha pamba nyeupe, ibane dakika moja kwenye mshono wa ndani. Ikitoka na rangi, acheni. Isipotoka, tumieni beseni, maji baridi, sabuni kidogo ya maji, msisugue, msuuze mara tatu, na nguo ianikwe kwa kulazwa kivulini. Sufu isiguse maji ya moto kamwe. Magamba ya nyuzi zake hushikana na sweta la mtu mzima hurudi la mtoto.

Medali ndizo huumizwa zaidi na upendo. Majivu, limau, dawa ya meno, dawa ya kung'arishia shaba ya dukani: vyote hung'arisha kwa kukwangua au kula chuma. Kila mng'aro unaondoka na sehemu ya sura na maandishi, na baada ya miaka 20 ya Jumapili safi medali inakuwa kama shilingi iliyopita mikononi mwa kila mtu. Weusi wa juu ya fedha na hudhurungi ya juu ya shaba ni utando unaokaa, haupenyi ndani. Futeni vumbi kwa kitambaa laini kikavu cha pamba, mzishike pembeni kwa mikono iliyonawiwa na kukauka, kwa kuwa chumvi ya jasho huacha alama ya kidole inayochora chuma. Kila moja ikae kwenye mfuko wake mdogo, bila mpira wa kufungia pesa, maana mpira una salfa na salfa ndiyo huifanya fedha iwe nyeusi. Utepe usikae juani. Mkizitia kwenye fremu, kioo kisiguse utepe na fremu isitazamane na dirisha.

Kwenye mkanda, bizimu ya shaba huota kitu cha kijani kama nta pale inapogusana na ngozi au turubai lililopakwa mafuta. Hiyo ni asidi ya mafuta ikila shaba. Itoeni kwa kijiti cha meno cha mti, si kisu, kisha wekeni karatasi nyeupe kati ya shaba na kitambaa. Kofia ya chuma isipakwe rangi upya hata kama imepauka. Namba na majina ya wenye nazo huandikwa ndani kwa rangi, na kopo moja la rangi ya kupulizia hufuta historia yote. Kutu nyepesi iondolewe kwa brashi kavu ya meno, halafu chuma kilicho wazi kipakwe tone la mafuta ya cherehani na kufutwa hadi kidole kisiteleze. Ngozi ya ndani isiguswe na mafuta wala kiwi.

Sanduku la bati linaweza kuendelea kutumika mkiliandaa. Liinueni juu ya matofali au mbao, mbali na ukuta wa nje, lisikae darini. Ndani tandikeni shuka jeupe la pamba lililofuliwa bila kilainishi. Vitu vya chuma visikae kwenye nguo. Mikunjo ya nguo ijazwe shuka au karatasi nyeupe iliyokunjwa kama bomba, na kila miezi 6 ikunjwe mahali pengine, kwa kuwa nguo hukatika pale inapokunjwa siku zote. Kwa mnaokaa Pwani, unyevu ndio adui: tieni vifuko vya silika, vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, 10 hadi 15 kwa sanduku la kawaida. Silika ikishiba unyevu haifanyi kazi hadi ikaushwe, kwa hiyo kausheni au badilisheni vifuko kila mvua zinapokwisha. Msitumie mchele. Huleta fukusi na panya. Karatasi na picha zisitiwe kwenye zile plastiki laini zenye harufu ya mpira, maana hutoa asidi. Bahasha ya karatasi nyeupe inatosha, na nakala ya kila hati ikae nyumba nyingine.

Lipo jambo la mwisho la kumwambia mama, naye aelezwe taratibu. Ganda likishakaguliwa kitako na likaruhusiwa kubaki, asiendelee kutia maji ndani. Maji yanayolala hula shaba kutokea chini, na huko ndiko kulikopigwa chapa za kiwanda na mwaka. Atafute gilasi nyembamba ya kioo inayoingia mdomoni mwa ganda, maji na maua yakae kwenye gilasi, gilasi ikae ndani ya ganda. Kwa anayetazama kutoka kwenye kochi, hakuna kilichobadilika.